Mtani wa Jenerali

"Jenerali, leo umeamka mapema, au wake zako wamekufukuza kitandani?"

Sauti ilikuwa ya Kapteni Malimbe, kutoka ng'ambo ya ziwa. Taa ya manjano ikawaka mezani kwangu. Nikameza kipande cha andazi harakaharaka, nikavuta kipaza sauti.

"Wewe mla konokono," nikamjibu, "kwanza futa ute mdomoni ndipo unisalimie. Jana ulipika wangapi? Na maganda uliwaachia watoto, au uliyatafuna mwenyewe?"

Mimi, Sikudhani, ni mwanamke, tena bibi mwenye wajukuu. Lakini maneno yangu yaliingia kwenye ule mtambo yakatokea upande wa pili na sauti nzito ya mwanamume, sauti ya Jenerali Kasenga, inayokwaruza mwishoni kama ya mvuta tumbaku. Nikasikia vicheko vya wanaume wengi. Malimbe akacheka mpaka akakohoa. Taa ikazimika, na mtambo ukaendelea wenyewe kwa sauti ileile: "Kapteni, toa taarifa ya kikosi."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kutukana. Usinicheke, kuna watu wanaishi kwa kazi mbaya kuliko hiyo.

Mtambo wenyewe uliitwa Mnong'ono. Kila mpiganaji wa Kikosi cha Kilimani alikuwa ameshonewa kishanga chini ya ngozi, nyuma ya sikio, na kupitia kishanga hicho Jenerali alisema na kila mmoja kana kwamba wako wawili tu. Alijua yuko wapi, amekula nini, anaogopa nini. Hakulala, hakuumwa. Alikuwa jenerali ambaye hakuna aliyemtia machoni siku za karibuni, na wote walimtii.

Kitu kimoja tu kiliushinda Mnong'ono: utani. Wapiganaji wale ni Wandeme, na Jenerali ni Msoro. Wandeme na Wasoro ni watani tangu enzi za mababu. Walipigana hadi wakakosa wa kuchimba makaburi, ndipo wakapatana: tangu leo hatumwagi damu yenu wala ninyi yetu, sisi tutawazika ninyi na ninyi mtatuzika sisi, na katikati hapo tutukanane tunavyotaka. Basi siku ya kwanza Mndeme mmoja alipomwita Jenerali "kichwa cha buyu," Mnong'ono ukayapima yale maneno, ukaona ni dharau kwa mkubwa, ukaamuru jamaa afungwe kwenye mti kutwa nzima. Kikosi kizima nusura kitawanyike. Jenerali gani huyu asiyejua kutaniwa?

Ndipo Bwana Shekue akaja kunitafuta nyumbani.

Kijana mwenye adabu, Shekue. Kila asubuhi "shikamoo mama," na chai ananimiminia mwenyewe. Aliniambia ule ni mradi wa kuhifadhi lugha. "Hao si watu, mama. Ni sauti tu, mtambo umezitengeneza kwa mazoezi. Tunahifadhi utani usipotee." Nami nikaamini. Niseme kweli, niliamini nusu. Kwa sababu kila asubuhi, kabla sijatoka nyumbani, redio ilisema Serikali ya Shirikisho haina askari hata mmoja katika ardhi ya Usoro, nami nikajiuliza, kama hamna, mbona mnalisema kila siku?

Halafu kuna kile kikohozi cha Malimbe. Alikuwa na mafua. Sasa sauti ya mtambo inapataje mafua?

"Ni kunogesha tu, mama," akanijibu Shekue.

Haya.

Na jambo jingine. Walitaka mtu wa Kisoro ajibu kama Msoro, wakaona kitambulisho changu kina jina la marehemu mume wangu, Lutema, jina la Kisoro kabisa, wakanichukua. Mimi nimezaliwa Mndeme. Matusi ya Kisoro nayajua kwa sababu mume wangu alinitukana nayo asubuhi na jioni tangu siku ya harusi, Mungu amrehemu, na hakuna raha niliyowahi kuipata inayopita hiyo. Pale ofisini hakuna aliyeniuliza nilizaliwa kwa nani. Kwao watu wa ng'ambo wote walikuwa kapu moja.

*

Siku hiyo ninayoisimulia, Shekue hakunimiminia chai. Alikaa kando yangu akiwa ameshika kalamu asiyoandikia kitu.

"Mama, leo kazi ni tofauti kidogo. Kuna kijiji kinaitwa Lusahe. Kikosi kimeamriwa kikisafishe. Kapteni amekataa."

"Kukisafisha namna gani?"

"Ni neno la mazoezi tu, mama."

Akanisikilizisha sauti ya alfajiri. Jenerali akitoa amri, na Malimbe akijibu polepole, bila kicheko hata chembe: "Lusahe ni kwa Wasoro. Hatumwagi damu ya watani, Jenerali. Unajua."

"Tumesoma kwamba utani unaweza kuvunjwa," akasema Shekue. "Kuna maneno yake. Mtambo hauyajui. Wewe unayajua?"

Nilikuwa nayajua. Kila mtoto wa kwetu anayajua na hakuna anayeyatamka hata kwa mzaha. Msoro akimwambia Mndeme, "tangu leo sina mtani, kaburi langu nitachimba mwenyewe," basi yamekwisha. Amejitoa, yeye na watu wake, na damu yake ni damu tu kama ya mwingine yeyote.

"Nisipoyasema?"

Shekue akageuza kioo cha mtambo nikione. Palikuwa na ramani, na juu yake vidoti vya kijani vimekusanyika kilimani, na vingine vya bluu mbali upande wa bonde. "Kikosi kikikataa tena, Mnong'ono utahesabu ni maasi. Halafu utawatuma hawa wa Bondeni wawashukie wa Kilimani. Ndivyo ulivyopangwa. Lakini mama," akaniwekea mkono begani, "hakuna anayekufa. Ni vidoti."

Nilivitazama vile vidoti mpaka macho yakaniwasha. Nikisema, Lusahe inakwisha. Nikinyamaza, Malimbe na wenzake wanakwisha. Na kama hawa ni vidoti kweli, basi mimi ni bibi kizee mjinga ninayetetemeka mbele ya mchezo wa kompyuta. Nilichanganyikiwa, jamani. Ningelia, lakini ungemlilia nani? Hujui hata kama yupo.

"Kama ni vidoti," nikamuuliza, "kwa nini mikono yako inatoka jasho?"

Akaipangusa kwenye suruali. Taa ya manjano ikawaka.

*

"Jenerali!" Malimbe alikuwa anafoka kwa Kisoro, lugha tunayoongea sote kule. "Lusahe ndiko kitovu chako kilikozikwa. Unatutuma tukawaue dada zako? Umerukwa na akili, au siku hizi konokono unawala wewe?"

Nikafungua kinywa. Yale maneno ya kuvunja utani yalikuwa pale pale kwenye ulimi. Shekue ananitazama. Nikahisi hasira, sijui ya nani, ya kwake, ya mtambo, yangu mwenyewe, na kilichonitoka kilikuwa kingine kabisa.

"Nyamaza wewe! Nyie mnaozikwa mmekaa kwa uvivu wa kuchimba, leo ndio mnanifundisha kitovu changu kiliko?"

Mtume! Nikaziba mdomo kwa mkono.

Wasoro huwazika wafu wao wakiwa wamekaa, magoti kifuani. Kwa hiyo sisi Wandeme huwaambia ni wavivu, wanaona taabu kuchimba kaburi refu. Hilo ni tusi letu sisi kwao. Nilimwambia mume wangu hilo maisha yangu yote. Msoro kumrushia Mndeme tusi hilo ni sawa na kipara kumcheka mwenye nywele kwamba hana nywele. Haiwezekani kukosea hivyo, labda uwe umezaliwa upande wa pili.

Nikakitazama kioo. Pale ambapo Mnong'ono ulitakiwa kumfasiria Shekue maneno yetu, paliandikwa neno moja tu, likijirudia: utani, utani, utani. Mtambo haukushtuka. Shekue naye hajui Kisoro hata cha kuombea maji.

Malimbe akasema taratibu, "Hilo ni letu." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya utani tena, ila ya mtu anayenyata. "Jenerali, umemmeza Mndeme, au Mndeme ndiye kakumeza? Hebu wewe uliyemo tumboni mwa huyu mzee mwenye kichwa cha buyu, wewe ni binti wa nani?"

Amejuaje kuwa ni binti? Sijui mpaka leo. Labda tusi lenyewe husemwa na wanawake zaidi, jikoni.

"Binti wa wenye masikio makubwa kama yako," nikamjibu, "wanaosikia kila kitu isipokuwa la maana. Na wewe, mpumbavu, ni mtu kweli?"

Akacheka. "Swali gani hilo? Njoo unifinye. Nina jino linanitesa tangu juzi, na kila nikimwambia huyu Jenerali wako ananiambia nivumilie. Mtu ndiye anayeumwa jino, dada."

Dada. Nikamwamini. Halafu papo hapo nikakumbuka: ni kunogesha tu, mama. Mafua, jino, na hata "dada," vyote vinaweza kuwa kunogesha. Kama walimjua Jenerali mpaka mkwaruzo wa koo lake, watashindwaje kutengeneza jino bovu?

"Jenerali yu hai?" akauliza Malimbe, akachomeka na tusi mwishoni ili taa isizimike. Mjanja yule. Alishaelewa kwamba matusi ndiyo mlango.

"Sijui," nikamwambia. "Kichwa chako kikubwa kama tanuru, nami sijui. Wallahi sijui kama aliwahi kuwepo."

"Tukikataa, watu wa Bondeni watatushukia. Tayari tunawaona wanafunga mizigo. Tukienda, tunaua watani, na tukishaua watani sisi si watu tena. Sema, wewe uliye tumboni. Sisi tumechoka kufikiri."

Nikamtazama Shekue. Alikuwa ananifanyia ishara kwa kidole: sema, sema yale maneno. Na mimi nikajiambia, Sikudhani, mwana wee, kama huyu mwanamume si mtu, utakuwa umejiaibisha mbele ya kijana mmoja mwenye adabu. Kama ni mtu, na ukamkosea, hakuna wa kukusamehe. Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Kilichokuwa kigumu ni kupumua.

"Nisikilizeni nyote," nikasema, na ile sauti ya Jenerali ikatoka kubwa, ikaenda kwenye kila sikio kilimani. "Mimi Kasenga nimekufa."

Nikakivuta kipaza sauti karibu zaidi.

"Nimekufa, wala konokono nyie! Nimekufa na kichwa changu cha buyu. Mnangoja nini? Nani atanichimbia, mbwa? Kitovu changu kiko Lusahe, na kaburi langu liko Lusahe. Watani wangu mnajua kazi yenu."

Na kazi yao waliijua. Msoro akifa, Mndeme ndiye anayechimba. Anakwenda msibani na jembe, amejipaka majivu usoni, na hana silaha, kwa sababu mtani akifika msibani na silaha basi msiba unahamia nyumbani kwake. Hakuna Mndeme atakayejaribu. Hata mwizi hawezi.

Nikasikia mtu mmoja anaguna. Halafu Malimbe akapiga yowe, yowe la kwetu lile la msiba wa mtani, nusu kilio nusu kicheko. "Amekufa! Buyu limepasuka! Nani sasa atatunyima chumvi? Inukeni, tukamzike mvivu huyu!"

Wote wakalipuka kwa vilio na vicheko. Taa ya manjano ikazimika.

*

Mnong'ono haukubali mambo kirahisi. Ulisubiri kidogo, kisha ukasema wenyewe, kwa sauti ya Jenerali, imara kabisa: "Kikosi, chukueni silaha. Elekeeni Lusahe."

"Maiti anasema!" mtu akapiga kelele. "Mfungeni kidevu!"

Taa ya manjano ikawaka. Mtambo ulikuwa umenusa utani, ukanirudishia mimi. Nikasema, "Nifungeni na miguu, nisije nikawakimbia." Vicheko. Taa ikazimika. Ukajaribu tena, "Kapteni, tii amri," wakaujibu kwa tusi la msibani, ukanirudishia tena. Ikawa hivyo hivyo. Kila ulipoamuru, waliutania. Kila walipoutania, taa yangu iliwaka. Haukuona maasi popote. Kiooni paliandikwa neno lilelile.

Shekue hakuelewa kitu. Alichokiona ni vidoti vya kijani vikishuka kilima, vikielekea Lusahe.

"Mama! Wanakwenda! Umefanyaje?"

"Nimewaambia waende."

"Yale maneno umeyasema?"

"Nimesema yaliyofaa."

Akanikumbatia, maskini. Akapiga simu juu kwa wakubwa, akawaambia kikosi kiko njiani. Nikamsikia anasifiwa. Akarudi na chupa ya chai, akanimiminia, na mimi nikaiacha mezani.

Tukakaa. Vidoti vilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Vile vya bluu vikakaa palepale bondeni. Jua la mchana likaingia dirishani, yule kijana akaanza kusinzia, nami nikawa najiuliza kama sijaichanganya dunia yote. Je, watu wa Lusahe wakiona wanaume wanakuja wamejipaka majivu, wakawapiga mishale? Je, hakuna Lusahe? Je, Kasenga yu hai mahali fulani, anakula ugali wake, na mimi nimemuua kwa mdomo?

Kisha tukaanza kusikia.

Kwanza mbwa wanabweka. Halafu mwanamke akauliza kwa hofu, "Mmefuata nini?" Na Malimbe akajibu, kwa sauti nzito ya mtu mwenye jino bovu, "Tumeleta msiba wenu. Kasenga wenu amekufa." Nikashika ukingo wa meza. Ndipo yule mwanamke akalia. Alilia akamwita "kaka yangu," na wanawake wengine wakadakia, wengi, wazee na wasichana, kila mmoja na kilio chake.

Shekue alikuwa ameamka. Alisimama wima.

"Mbona hakuna milio ya bunduki?"

"Wamekwenda kuzika."

"Kuzika nani?" Akakitazama kioo, akanitazama mimi, akasikiliza. "Mama... hizo sauti za wanawake. Sisi hatukuziweka hizo. Kule hatujaweka wanawake kabisa."

"Uliniambia ni mtambo."

"Na mimi niliambiwa ni mtambo!" Akaketi sakafuni, yule kijana, na suti yake. "Niliambiwa ni mazoezi. Mimi nimesaini... niliambiwa ni mazoezi, mama."

Sikujua nimpige au nimkumbatie. Sikufanya lolote. Masikio yangu yalikuwa Lusahe.

Walichimba. Nilisikia majembe, na watu wakibishana kuhusu kina. "Fupi tu," akasema mmoja, "si wanakaa hawa!" Wanawake wa Lusahe wakacheka katikati ya kilio, kama inavyotakiwa. Kisha dada yake marehemu akauliza, "Mwili uko wapi?"

Malimbe akasema, "Tunao. Kila mmoja wetu ana kipande." Nikasikia mtu anavuta pumzi kwa uchungu, na Malimbe akiagiza, "Wembe uupitishe kwenye moto kwanza." Halafu sauti zikaanza kubadilika. Moja baada ya nyingine zikawa mbali, zimezibwa, kama mtu anayesema nje ya nyumba ukiwa ndani ya kabati. Wanakitoa. Wanakitoa kishanga nyuma ya sikio na kukiweka shimoni, na mimi nilikuwa ndani ya kila kimoja.

Udongo ukaanza kuanguka.

Mimi nimewahi kuzika. Nimezika mume, nimezika mama. Lakini sijawahi kuusikia udongo kutoka chini. Hakuna mtambo uliofundishwa sauti ile, nani angeufundisha? Ndipo nikajua. Ni watu. Jino la Malimbe ni jino. Mafua yalikuwa mafua. Asubuhi zote zile, nikinywa chai na kutafuna maandazi, nilikuwa namcheka na kumchekesha mtu, na kumrudisha kwa kicheko hicho chini ya amri ya kitu kisichokuwepo, na siku nyingine, kabla ya leo, aliamriwa yapi akayatii? Vijiji gani? Nilimlilia. Nililia kwa sauti, kilio cha mjane, nikajisahau kabisa.

Taa ya manjano ilikuwa inawaka.

Kule Lusahe majembe yakasimama. Kutoka shimoni, kutoka kwenye kila kishanga kile, Jenerali Kasenga alikuwa analia kama mwanamke. Kisha nikasikia miguu ikisogea, na Malimbe akainama juu ya kaburi, karibu sana, sauti yake ya upole kuliko siku zote.

"Nyamaza, dada," akasema. "Maiti halii."

Watu wakacheka wote, Wasoro na Wandeme. Akamwaga udongo wa jembe la mwisho.

Nami nikanyamaza.